“Kifua kiko safi”: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa udaktari aliyeishiwa nguvu

Raundi ya asubuhi, wodi ya magonjwa ya ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari anawasilisha mgonjwa aliyelazwa usiku: mwanamume wa miaka 61, homa, kikohozi, siku tatu anapumua kwa shida. Anasoma harakaharaka, macho hayatoki kwenye karatasi. Akifika kwenye uchunguzi wa mwili anasema, “Kifua kiko safi pande zote mbili.” Daktari bingwa hasemi kitu. Anamsaidia mgonjwa kukaa, anamgonga mgongoni kwa vidole, na upande wa kulia chini mlio unakuwa mzito. Anaweka stethoskopu, anasikiliza, kisha anaivua na kumpa mwanafunzi. Upande ule hewa haisikiki kabisa. Maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na ni mengi.

“Huyu ulimpima?”

“Sikumpima, Daktari.”

Mgonjwa alitolewa maji siku hiyohiyo na hakupata madhara. Mwanafunzi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuandika taarifa ya uongo kwenye jalada la mgonjwa.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia kwa wanafunzi wa udaktari popote wanaposomea, ili tuweze kukichambua bila kumwanika yeyote. Mwanafunzi nitamwita K.

Kamati ilikuwa na swali moja tu: alidanganya au hakudanganya? Alidanganya, na alikiri palepale bila kuzungushazungusha. Kikao kingeweza kufungwa kwa dakika kumi. Swali lenye manufaa zaidi lilikuwa jingine: imekuwaje mtu aliyekuwa akitumia saa nzima kwa mgonjwa mmoja afike mahali pa kuona kuweka stethoskopu kwenye mgongo wa mtu ni kazi kubwa mno?

Karatasi zake

Nianze na maandishi yake mwenyewe. Katika historia ya mgonjwa mmoja aliyoichukua mwezi wa kwanza wodini, K. ameandika kurasa mbili na ushee kuhusu mama mmoja ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri. Humo utakuta kwamba mama ni fundi cherehani, kwamba hawezi tena kukanyaga pedali muda mrefu bila pumzi kumkatika, na kwamba ana wasiwasi na wateja waliomwachia vitambaa. Mtu asiyejua atadhani hayo ni maneno ya kujaza karatasi. Hilo la pedali ni taarifa ya kitabibu ya maana sana: linaonyesha ni kazi kiasi gani moyo ule hauwezi tena kuimudu.

Miezi minne baadaye, mwandiko ni uleule: “Me, 58. Ini. Maji tumboni. Aendelee na dawa.” Basi. Na kwa mdomo wagonjwa wamekuwa viungo na namba: “ini la kitanda cha sita”, “lile pafu la dirishani”.

Sasa tazama alama zake za kipindi hichohicho. Hazijashuka. Mtihani wa maandishi wa katikati ya mwaka alifanya vizuri kidogo kuliko uliotangulia. Hili ndilo lililoipita kamati, na kwa kweli linazipita kamati nyingi: mwanafunzi wa aina hii hulinda alama mpaka mwisho. Anapunguza usingizi, anaacha mazoezi, anaacha marafiki, halafu anaacha wagonjwa, na alama bado zimesimama. Chuo kinachongoja alama zianguke ndipo kishtuke kinangoja dalili ya mwisho kabisa. Zile za mwanzo zilikuwa kwenye karatasi ambazo zilisahihishwa kwa kuwekewa alama ya vema na kurudishwa.

Ni uchovu wa namna gani

Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia, ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kuiandikia kitaalamu hali hii ya uchovu, inayoitwa kwa Kiingereza burnout, mwaka 1974, baada ya kuwaona watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure New York wakiisha taratibu. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa kipimo chake, na mwaka 2002 Wilmar Schaufeli na wenzake wakakirekebisha kiwafae wanafunzi. Kipimo cha wanafunzi kinatazama mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa masomo yenyewe, na kujiona hufai. Kwa wanaoshika wagonjwa, ule ubaridi huhamia kwa watu.

K. alikuwa nayo yote matatu, ila hayakuja pamoja. Kwanza nguvu ziliisha: anaamka akiwa amechoka vilevile alivyolala. Kisha ukaja ubaridi. Mlezi wa wanafunzi alipomuuliza anajisikiaje mgonjwa mpya anapoletwa, alifikiri kidogo akajibu, “Nakasirika. Naona kama amekuja makusudi kuniongezea kazi.” Alisema hivyo bila aibu, kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya simu. La tatu ndilo alilolificha zaidi. Pamoja na alama zake zote, alikuwa na hakika kwamba siku moja watagundua kuwa hajui kitu.

Ubaridi huo wengi huuona ni tabia mbaya. Mara nyingi ni njia ya kujikinga. Mtu asiye na akiba ya nguvu hawezi kumsikiliza mama wa cherehani, kwa sababu kusikiliza kunagharimu. Akimgeuza kuwa “moyo wa kitanda cha nne” gharama inapungua. Anapona kwa siku hiyo, na kesho yake kazi inakuwa haina ladha hata kidogo, kwa kuwa wagonjwa ndio waliokuwa wakimpa sababu ya kuamka.

Pembeni kidogo: Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, kwa msimbo QD85. Halikuiita ugonjwa. Limesema inatokana na mazingira ya kazi, na isitumike kueleza mambo mengine ya maisha. Ukifuata maandishi hayo kikamilifu, K. hahusiki, maana yeye ni mwanafunzi, hana kazi. Anafika wodini alfajiri, anatoa damu, anasukuma machela, anafuatilia majibu maabara, anaondoka usiku, halipwi, na hana kazi. Haya.

Kabla ya wodi

Kuna maelezo mepesi ambayo hutolewa haraka kwenye kesi kama hii: huyu alikuja dhaifu, hakuwa na ngozi ngumu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 na Chantal Brazeau na wenzake unayapa shida maelezo hayo. Waliwapima wanafunzi wanaoanza udaktari na kuwalinganisha na wahitimu wengine wa vyuo wa umri wao. Wale wa udaktari walikuwa na afya bora ya akili: uchovu ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao, na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, zilikuwa chache. Tafiti za waliokwisha kukaa chuoni huonyesha picha iliyogeuka. Wanaingia wazima kuliko wenzao, na wakiwa ndani wanaharibika.

Kwa K. kuharibika kulianzia kwenye ubao wa matangazo. Chuoni kwake matokeo ya kila somo yalibandikwa kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa mwisho. K. alikuwa amezoea kuwa juu tangu shule ya msingi. Mtihani wa kwanza wa anatomia akajikuta katikati ya orodha. Hakufeli, alikuwa katikati tu, pahali ambapo nusu ya darasa lazima waangukie karibu yake kwa hesabu ya kawaida. Lakini hakuna aliyemwambia hivyo. Akafanya alilojua kulifanya: akaongeza kupiga msuli. Saa za kulala zikawa sita, zikawa tano. Mpira wa wavu akauacha “mpaka mitihani iishe”, na katika udaktari mitihani haiishi.

Suala hili la kupanga watu kwa alama nalitilia uzito kuliko mengine, na si kwa hisia. Mwaka 2011 Darcy Reed na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 1,192 wa vyuo 7 vya udaktari nchini Marekani, wote wakiwa katika miaka ya mwanzo kabla ya wodi. Wale waliosoma kwenye vyuo vinavyogawa madaraja matatu au zaidi walikuwa na msongo mkubwa zaidi na uchovu mwingi zaidi kuliko wale waliopewa “amefaulu” au “hakufaulu” pekee. Cha kushangaza, wingi wa saa za darasani na wa mitihani haukuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Wanafunzi wanabeba mzigo mkubwa. Kinachowamaliza ni kuubeba huku kila mmoja akimpima mwenzake kwa jicho la pembeni, asimwazime hata madaftari.

Wodini

Kila chuo cha udaktari kina masomo mawili: yaliyoandikwa kwenye mtaala na yale ambayo hayajaandikwa popote. Mwanasosholojia Frederic Hafferty ameyaandika sana hayo ya pili tangu miaka ya 1990. Somo la “maadili na mawasiliano na mgonjwa” K. alilisoma mwaka wa pili na kufaulu vizuri. Somo lisiloandikwa alilipata siku alipochelewa kuwasilisha kwa sababu alikuwa amekaa na mgonjwa aliyetoka kuambiwa ana saratani. Aliambiwa mbele ya wenzake kwamba wodi si mahali pa maongezi. Asubuhi iliyofuata aliwasilisha kwa dakika mbili, akapewa “safi sana”. Mwanafunzi mwenye akili hahitaji kuambiwa mara ya tatu.

Kuomba kupumzika nako kuna jibu lake. Safari moja, baada ya zamu ya usiku, aliuliza kama angeweza kukosa kliniki ya mchana. “Mtaka cha uvunguni sharti ainame,” akajibiwa, na kila mtu akacheka, naye akacheka. Nimesikia methali nyingi zikitumiwa vibaya ila hii imeongoza. Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya majaribio ya umakini sawa na aliyekunywa mpaka kileo kikafika asilimia 0.05 kwenye damu. Hakuna bingwa ambaye angemruhusu mwanafunzi aliyelewa amguse mgonjwa wake.

Wakubwa wana kisa chao: sisi enzi zetu tulikaa siku mbili bila kulala na hatukufa. Utamaduni huo unafuatiliwa mara nyingi hadi kwa William Halsted, daktari mpasuaji maarufu wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, aliyewataka vijana wake waishi hospitalini na wafanye kazi bila kuchoka. Halsted mwenyewe alikuwa ametekwa na kokaini, na baadaye mofini. Tumeuchukua mwendo wake tukasahau kilichokuwa kikimwendesha. Ilibidi msichana wa miaka 18, Libby Zion, afe hospitalini New York mwaka 1984 mikononi mwa madaktari vijana waliokuwa kwenye zamu ndefu, ndipo mjadala uanze. Kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari wanaosomea ubingwa Marekani kilikuja mwaka 2003. Saa themanini. Na hicho ndicho kilichoitwa nafuu.

Sababu nyingine za K. nazipitia kwa haraka kwa kuwa ni za kawaida na hazina utata: ada, matumaini ya familia iliyokwisha kumwita daktari kabla hajawa, umri wa kutafuta mwenza bila muda wa kutafuta, na tabia yake mwenyewe ya kutokubali kosa dogo. Hiyo ya mwisho ni kweli anayo. Ila ndiyo iliyomwingiza chuoni. Huwezi kumchagua mtu kwa sababu hakubali kukosea, halafu baada ya miaka minne umshangae kwamba hawezi kukubali kukosea.

Je, ni uchovu au ni sonona?

Kabla ya kuridhika na jibu moja ilibidi mengine yaondolewe. Damu ilipimwa, wingi wake na homoni za tezi ya shingo, zilikuwa sawa. Kisha akajaza dodoso la maswali tisa la PHQ-9, linalouliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. K. alipata 11. Swali la tisa, linalogusa mawazo ya kufa au kujidhuru, aliweka alama kwenye “siku kadhaa”.

Daktari wa afya ya akili hakupita juu yake. Alimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. “Hapana. Sitaki kufa,” K. akasema. “Natamani tu nipate ajali, ndogo, nivunjike mguu, nilazwe wiki mbili watu waseme apumzike.” Kauli kama hiyo wanaofanya kazi na wanafunzi wa udaktari wameisikia mara nyingi mno. Wengine huicheka. Haifai kuchekwa: inamwonyesha mtu aliyetafuta mlango wa kutokea akaona uliopo ni kuumia tu, na kutoka hapo hadi kwenye hatari yenyewe si mbali.

Takwimu zinaeleza kwa nini kuuliza ni lazima. Mwaka 2016 Lisa Rotenstein na wenzake walikusanya tafiti za wanafunzi wa udaktari kutoka nchi nyingi: asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake, asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua, na kati ya walioonekana na sonona ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu.

Kilichomsaidia daktari kutofautisha ni likizo. K. alieleza kwamba siku ya nne au ya tano akiwa nyumbani hamu ya mambo hurudi, anacheka na wadogo zake, analala. Sonona kwa kawaida humfuata mtu aendako. Hata hivyo hali hizi mbili huingiliana, na ya kwanza ikiachwa huweza kuzaa ya pili, kwa hiyo hakuruhusiwa kuondoka bila tarehe ya kurudi na namba ya kupiga usiku.

Kwa nini hakwenda mapema mwenyewe? Ofisi ya ushauri nasaha ya chuo ilikuwa wazi saa za kazi, yaani saa zilezile za raundi na kliniki. Ili aende, ilibidi aombe ruhusa kwa bingwa na aseme anakwenda wapi. Mlango wake ulikuwa kwenye ukumbi mmoja na ofisi ya mitihani. Aliyeipanga hivyo hakuwa na nia mbaya, sidhani hata alifikiria. Juu ya hapo K. aliogopa kwamba rekodi ya matibabu ya akili ingemfuata kwenye leseni, hofu waliyonayo hata madaktari waliokwisha kuhitimu.

Uamuzi na yaliyofuata

Kosa la jalada lilibaki kosa. Nakubaliana na kamati kwa hilo: mgonjwa aliyeandikiwa kifua safi hana habari na uchovu wa aliyeandika, na maji yake yangeendelea kuongezeka. K. alipewa onyo la maandishi na alitakiwa kumweleza mgonjwa yeye mwenyewe, jambo alilolifanya. Lakini kamati ilipoonyeshwa utafiti wa Liselotte Dyrbye na wenzake wa mwaka 2010, wa wanafunzi 2,682, mazungumzo yalibadilika. Asilimia 35 ya wenye uchovu walikiri angalau kitendo kimoja kinyume na maadili ya taaluma, dhidi ya 21.9 ya wasio nao. Kati ya vitendo walivyoulizwa kimo hikihiki: kuripoti kwamba kiungo kiko sawa ilhali hakikupimwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa mapumziko ya wiki mbili. Hayakusaidia. Alilala siku nne za mwanzo, zilizobaki akahesabu zamu atakazotakiwa kufidia, akarudi akakuta zote zinamngoja pamoja na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo alilolikosa. Akaelekezwa pia kwenye semina ya kupumua na kutafakari, iliyopangwa Jumamosi asubuhi, siku yake pekee ya kulala. Sina ugomvi na kupumua. Ila uchambuzi wa Maria Panagioti na wenzake wa mwaka 2017, kuhusu madaktari, ulikuta kwamba hatua zinazobadilisha mazingira ya kazi zina nguvu kuliko zile zinazomwelekea mtu binafsi. Na katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, Stuart Slavin na wenzake walianza na waliojiunga 2009: wakaondoa madaraja miaka ya mwanzo, wakapunguza saa za darasani, wakaongeza muda wa kuchagua wanachopenda, na baadaye ndipo wakaweka mafunzo ya kustahimili. Sonona, wasiwasi na msongo vilipungua.

Kwa K. kilichogeuza mambo kilikuwa kidogo na cha kiutawala. Zamu zilizopita zilifutwa badala ya kuahirishwa. Wagonjwa wake walipunguzwa wakawa watatu, kwa sharti kwamba awafuate tangu kulazwa hadi kuruhusiwa. Akapewa daktari mmoja wa kumsimamia muda wote, ambaye hampi alama, badala ya kubadilishiwa kila wiki. Ushauri nasaha akapangiwa jioni, nje ya jengo la chuo.

Baada ya miezi mitatu PHQ-9 ilikuwa 5 na swali la tisa lilikuwa sifuri. Historia zake zimerudi kuwa ndefu, si kama zile za mwanzo, ila watu wamo. Usingizi bado unasumbua. Anasema anaweza kuhitimu, na hana uhakika kama anataka kukaa wodini baada ya hapo. Dyrbye na wenzake, waliowafuata wanafunzi kwa mwaka mmoja kufikia 2007, walikuta takriban robo tu ya wenye uchovu walikuwa wamepona. Kwa hiyo yuko kwenye upande mzuri wa hesabu, na si jambo la kujivunia kwa chuo.

Kamati ilipendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wote: orodha za nafasi zisibandikwe tena, na historia wanazoandika zisomwe kila mwezi na mtu anayetafuta mabadiliko kama yale ya K. La kwanza lilipita bila mjadala. La pili lilikwama kwa daktari bingwa yuleyule aliyempa K. stethoskopu siku ile, na hakulipinga kwa ubishi. Ana wagonjwa 40 na wanafunzi 12, na juzi, alisema, amegundua kwamba na yeye anawaita kwa namba za vitanda. Pendekezo limeahirishwa mpaka apatikane mtu wa kuzisoma.